Gari Linavuta Kushoto

Binti yangu aliingia bila hodi, ameshika kioo cha pembeni cha gari la baba yake kama mtu aliyeokota kuku aliyegongwa. Akakiweka juu ya pazia nililokuwa nashona. Pazia jeupe la mteja, na kioo kimejaa vumbi la ukuta.

"Mama, mtoto wangu hapandi tena lile gari."

"Kwanza ondoa hicho kitu kwenye kitambaa cha watu. Pili, siku hizi salamu zimefutwa?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, sasa gomba."

Hakucheka, na binti yangu ni mwepesi wa kucheka, kwa hiyo nikasimamisha cherehani. Yeye ni muuguzi. Zamu yake inaanza alfajiri, saa hizo geti la shule bado halijafunguliwa, ndiyo maana kila siku ya kazi humleta mwanawe kwetu akiwa ameshavaa sare na usingizi bado uko machoni. Babu yake humpa chai, humfunga kamba za viatu, halafu humpeleka shuleni kwa gari, upande wa pili wa mji. Huyo mtoto mimi namwita mke mwenzangu. Babu yake alishatangaza mbele ya mashahidi kwamba mimi nimestaafishwa, mke sasa ni yeye, na mtoto akanifariji kwamba nisijali, nitaruhusiwa kuendelea kupika. Asubuhi zetu zote ni zake. Asipokuwepo tunabaki wazee wawili mezani, tunaulizana nani ameshameza dawa.

"Jana walipokuwa wanakata kona ya geti la shule, gari limekwangua ukuta," binti yangu akasema. "Upande aliokaa mtoto. Kioo kimeng'oka, mlango umebonyea. Mlitengeneze lipone kabisa, au mlibadilishe. Nawapa wiki moja. Nimebadilishana zamu na mwenzangu, asubuhi nitampeleka mwenyewe, jioni ndiyo atakuja kwenu. Wiki ikiisha gari bado ni lile lile, nampeleka kwa mama mkwe. Kutoka kwake hadi shuleni ni kuvuka barabara tu, na alishaomba."

Hilo "alishaomba" ndilo nililolisikia kuliko yote. Mama mkwe wake ni mwanamke mwema. Nimemtafutia kasoro miaka yote hii nikakosa. Angempokea mjukuu wetu kwa mikono miwili, na sisi tungebaki kumwona siku za sikukuu.

Mume wangu alikuwa uani anaosha gari, na dirisha lilikuwa wazi. Akaingia akijifuta mikono kwenye suruali, tabia ambayo nimeikemea mpaka sauti imekauka.

"Ni gari," akasema. "Linavuta kushoto. Nimesema toka mwaka jana. Fundi tu hajalipatia."

"Basi alipatie, baba," akajibu binti yetu. Alikuwa anaangalia sakafu.

Hapa lazima nieleze kidogo. Mume wangu alifundisha udereva maisha yake yote ya kazi. Nusu ya watu wanaoshika usukani katika mji huu walianza kwa kuzimikiwa na gari wakiwa naye, jasho linawatoka, honi zinapigwa nyuma, naye anawaambia kwa upole, "Hakuna aliyekufa, washa tena." Kwa hiyo hakuna anayemwita jina lake. Ni Mwalimu. Kwa askari wa barabarani ni Mwalimu, kwa dereva wa lori la taka ni Mwalimu. Ukienda naye sokoni kununua vitunguu unarudi miguu imevimba kwa kusimama kwenye salamu. Gari lenyewe alilinunua alipostaafu, likiwa limeshatumiwa na watu tusiowajua: bluu iliyopauka, mlango wa nyuma haufunguki mpaka uuinue kwanza, na kiti cha abiria kina kiraka nilichokishona kwa mkono wangu. Si gari la kuringia. Lakini liliwaka kila asubuhi, na kwa umri wake hiyo ni adabu nzuri.

Jumapili akaja mdogo wangu wa kiume, mtu mwenye maoni juu ya kila kitu cha watu wengine. Akaketi, akanyoosha miguu, akaanza.

"Shemeji, gari likifika umri huo halitengenezwi tena, linauguzwa. Leo bushi, kesho shokapu, keshokutwa rejeta. Utalilisha mpaka lini?" Akatoa simu. "Angalia hili. Halina hata ufunguo. Unabonyeza tu."

"Nabonyeza nini?"

"Kitufe."

"Mimi siendeshi redio," akasema mume wangu.

Mdogo wangu akacheka, mimi nikacheka. Yeye hakucheka. "Hili langu nalijua kwa mikono," akasema. "Kila kitu najua kilipo bila kutazama. Hilo la kwako nitakuwa napapasa taa kama mgeni aliyeamka kwenye nyumba ya watu." Tukacheka tena, tukidhani ni utani wake wa kawaida.

Mimi, sitaficha, nilikuwa upande wa kubadilisha. Nimeshona miaka mingi na ninajua kitambaa kilichochoka. Ukikishona hapa kinachanika pale, na wala uzi hauna kosa. Ndiyo maana Jumatatu nikamvuta mume wangu mpaka kwa muuza magari, yule mwenye uwanja wa kokoto karibu na kituo cha mafuta. Muuzaji alipotuona tu akaacha wateja wengine.

"Mwalimu! Karibu, Mwalimu! Wewe huna haja ya kuuliza, chukua lolote, zungusha mji mzima, mkichoka mrudi."

Alitupatia gari jeupe, safi, lina harufu ya kiti kipya. Mume wangu akaingia. Zamani ungempa huyu mtu trekta angelirudisha nyuma kwa mkono mmoja huku anakupigia hadithi. Siku ile hakuwasha injini. Mkono wake ukapita taratibu juu ya vile vitufe, ukarudi, ukapita tena. Muuzaji akamwonyesha tarakimu ndogo kwenye kioo cha mbele ya usukani, yeye akasema, "Vizuri, vizuri," akiwa ameangalia kwingine. Niliona shanga za jasho juu ya mdomo wake, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi.

"Washa basi, Mwalimu."

"Kiti hiki kitaniua mgongo," akasema, akatoka.

Tulipokuwa tunaondoka akagonga kwa mguu ndoo ya maji iliyokuwa upande wake wa kushoto, maji yakamwagikia viatu vyangu. Nikamsema njia nzima. Nikamwambia ana kichwa kigumu, anasingizia mgongo, na kwa ukaidi wake atatukosesha mtoto. Mume wangu akinyamaza mimi ndiyo hasira zinanipanda, mtu anayejibu angalau unajua mko wapi.

Jumanne tukaenda kwa fundi. Gereji yake ni kiwanja cheusi kwa mafuta, bati juu, magari yamepanga foleni kama wagonjwa. Tulipofika tu, mwenye duka la spea akamwita mume wangu, kinyozi naye akamwita, basi nikajua nina muda. Nikamfuata fundi mpaka kwenye boneti.

"Fundi, mimi usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nijibu kama unavyomjibu mama yako. Litengenezwe au litupwe?"

"Injini haina neno, mama. Rejeta nimeiziba, breki ziko salama. Mkilitunza hili litawazika." Akajishika mdomo. "Samahani, mama. Nilitaka kusema litadumu."

"Litatuzika, nimesikia. Na kule kuvuta kushoto?"

Akachukua kitambaa, akaanza kufuta spana iliyokuwa safi.

"Fundi."

"Halivuti, mama."

"Halivuti toka lini?"

"Halijawahi kuvuta. Nikiliendesha mimi naachia usukani, linakwenda limenyooka mpaka kule kwenye nguzo ya umeme. Nimempa na mwenzangu, ikawa vile vile."

"Sasa bushi ulizobadilisha ni za nini? Matairi mapya ni ya nini? Na kule kunyoosha magurudumu kwenye mashine?"

Akaangalia upande wa kinyozi, kuhakikisha Mwalimu yuko mbali. "Mama, Mwalimu akisema linavuta, mimi nani niseme halivuti? Yeye ndiye aliyenifundisha kulisikiliza gari. Nilidhani anasikia kitu ambacho mimi sijafikia kukisikia. Nikabadilisha bushi, akarudi, linavuta. Nikabadilisha matairi, akarudi. Usiku nilikuwa nawaza, kwa nini mimi silioni hili tatizo? Nikaona labda ufundi umenishinda."

Nilitamani nimpokonye ile spana nimpige nayo. Halafu hasira zikaniishia, nikabaki na baridi. Mteja mwingine yeyote angeambiwa siku ya kwanza, mzee, gari lako zima, kajiangalie wewe. Kwa mume wangu haikuwezekana. Mji mzima ulikuwa umewahi kutetemeka mbele yake ukitafuta gia, na mpaka leo hakuna aliyeweza kumwambia Mwalimu kwamba kosa si la gari.

Tukarudi nyumbani. Nilikaa kiti cha mbele nikimtazama, naye aliendesha polepole, mikono yote miwili kwenye usukani. Watu walimpigia honi za salamu kutoka kulia, akawapungia. Waliomsalimia kutoka kushoto hakuwajibu. Nilijiambia, acha ujinga, labda hajasikia.

Jioni ile mke mwenzangu alikuja kutoka shule, akakaa chini karibu na cherehani kuchezea mabaki ya vitambaa, kama kawaida yake. Nikamuuliza bila kumtazama, maana watoto ukiwakazia macho wanaanza kutunga.

"Mke mwenzangu, mume wetu anaendeshaje siku hizi?"

"Vizuri. Njiani tunacheza."

"Mnacheza nini?"

"Kuona. Mimi naangalia huku kwangu." Akanyoosha mkono wa kushoto. "Nikiona pikipiki nasema pikipiki. Nikiona mtu nasema mtu. Babu anasema asante, anasogea."

"Na yeye je?"

"Yeye anaona za kule kwake. Za huku ni zangu."

Mashine ilikuwa inakwenda, nikaondoa mguu. "Na siku ile ya ukuta ilikuwaje?"

Akakunja kitambaa, akakikunjua. Midomo ikaanza kumcheza. "Nilikuwa natafuta rula kwenye mkoba, bibi. Sikusema ukuta. Usimwambie mama kama ni mimi."

Mungu wangu. Nilimnyanyua nikampakata, mtoto mkubwa vile, miguu inaning'inia. Nikamwambia si kosa lake, akanijibu, "Lakini za huku ni zangu," kwa ile sauti ya mtu anayemwelewesha mjinga. Nililia juu ya nywele zake, nikamdanganya ni mafua.

Jumatano nikamwambia mume wangu anipeleke kumpelekea mteja pazia lake. Sikutaka kabisa kupanda lile gari, lakini kuna maneno ambayo huwezi kumwambia mtu mezani. Tulipofika ile barabara tupu ya nyuma ya uwanja wa mpira, nikamwomba asimame pembeni. Akasimama. Akazima injini, akavuta breki ya mkono, akarudisha mikono kwenye usukani, kama alivyowafundisha watu.

"Angalia mbele," nikamwambia. "Usigeuke."

"Una nini wewe?"

"Angalia mbele, baba watoto. Nakuomba."

Akaangalia mbele. Nikainua mkono wangu wa kulia, ule ulio upande wake, nikaukunjua kando ya uso wake, karibu kabisa na sikio. Vidole vyote vitano. Nikasubiri. Kwa mbali mtu alikuwa anafagia ngazi za uwanja, ufagio wake ulisikika.

"Haya, sasa unataka nini?" akauliza.

"Unaona nini?"

"Barabara. Ukuta wa uwanja. Yule anayefagia."

"Na mkono wangu?"

"Umeuinua?"

"Nimeuinua toka kabla hujasema barabara."

Hakugeuka. Hata niliposhusha mkono aliendelea kutazama mbele. Nilitegemea atanigombeza, na ningefurahi angenigombeza.

"Mwanzo nilidhani ni gari," akasema mwishowe. "Kweli kabisa nilidhani ni gari. Kitu kilikuwa hakipo, mara kipo, hapa hapa ubavuni. Nikasema linavuta. Baadaye nikawa naomba liwe gari. Kila fundi akibadilisha kitu nasema safari hii litakuwa limepona."

"Na mtoto ukamfanya jicho."

"Ule ni mchezo. Anaupenda."

"Anadhani ukuta ule ni kosa lake."

Hapo ndipo alipogeuka. "Nini?"

"Alikuwa anatafuta rula kwenye mkoba. Hakusema ukuta. Ameniomba nisimwambie mama yake kwamba ni yeye aliyekosea."

Nimeishi na mtu huyu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, nimemwona akizika wazazi wake, na sijawahi kumwona akiwa hivyo. Aliweka paji la uso kwenye usukani, honi ikalia, akashtuka, akaliweka tena pembeni ambako hailii. Alilia kama anayekohoa. Nilimshika mgongo, mimi pia nalia, na yule mfagiaji akawa anatutazama waziwazi bila aibu. Nikamtolea jicho mpaka akarudi kwenye ngazi zake.

Gari tuliliacha pale pale. Tulirudi kwa miguu na pazia la watu begani, na yeye ndiye aliyempigia fundi simu aje alichukue. Nilimsikia akisema, "Halivuti. Ndiyo. Najua unajua. Ungeniambia, kijana wangu." Fundi alisema sijui nini upande wa pili, na mume wangu akasikiliza muda mrefu.

Kesho yake tukaenda kwa daktari wa macho. Kwa bahati alikuwa dada mgeni mjini, hajui Mwalimu ni nani. Alimmulika, akampima, akamwekea kidevu kwenye vyuma. Akasema ni presha ya macho, ugonjwa unaokula taratibu bila maumivu, mwenyewe huujui. Jicho la kushoto limeshakufa. La kulia limeanza kuliwa pembeni, lakini dawa ya matone itaweza kulilinda akiitumia kila siku.

"Na hilo la kushoto linatengenezwaje?" nikauliza.

"Halitengenezwi, mama."

"Hakuna la kubadilisha? Siku hizi si mnabadilisha mpaka mafigo?"

"Kwa hili, hakuna." Akamgeukia yeye. "Mzee, na kuendesha gari, basi."

Mzee. Miaka mingi sijamsikia mtu nje ya nyumba akimwita hivyo. Mume wangu akatikisa kichwa kukubali, akamwambia asante, na nilimwona kabisa kwamba asante ile ilitoka moyoni. Nilimwonea huruma na nilimwonea fahari kwa wakati mmoja.

Jumamosi binti yetu akaja na mtoto kuchukua jibu. Fundi alikuwa amelileta gari, limefungwa kioo kingine na mlango umenyooshwa. Mume wangu alianza na mtoto. Alimkalisha kwenye ngazi ya uani, akachuchumaa mbele yake, magoti yakalia, akamwambia kwamba dereva ndiye anayeangalia pande zote, mwenye gari lolote duniani atamwambia hivyo, na kwamba ukuta ule ni wa babu peke yake. Mtoto akafikiri. Akauliza kama rula yake mpya pia ni ya babu, kwa sababu ile ya zamani ilivunjika siku hiyo. Babu akakubali deni la rula, mtoto akarudi kwenye mabaki yake ya vitambaa pale uani.

Kisha akaingia ndani, binti yetu akiwa bado hajakaa.

"Gari halina kosa," akamwambia. "Jicho langu la kushoto limekufa."

Mtu akipewa habari mpya hushtuka, hata kidogo. Binti yetu hakushtuka. Alikaa taratibu, kama aliyetua mzigo, na baba yake akaona. Kwa jicho moja aliona vizuri kabisa.

"Ulijua," akasema.

Binti yetu akaanza kukunja kamba ya mkoba wake. "Siku moja nilikupungia mkono hapo nje, baba. Nilikuwa kushoto kwako, ningeweza kugusa mlango wa gari. Ukapita. Mimi ni muuguzi, ningekosaje kujua?"

"Lini?"

"Kabla ya mvua."

"Kabla ya mvua," akarudia. "Na kila asubuhi ukaniletea mtoto."

"Nilijiambia unaendesha polepole. Nilijiambia unaijua njia ile. Nilishindwa kusema, baba, ningeanzia wapi? Wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha. Ukuta ulipotokea nikasema gari. Nilifikiri mkienda kutafuta jingine, ukalijaribu, utaona mwenyewe, na mimi sitakuwa nimekuvunjia heshima."

Alikuwa analia sasa. Nilitaka niende kwake, lakini mume wangu alikuwa bado anazungumza, na hakupaza sauti hata kidogo.

"Mliniheshimu. Fundi aliniheshimu, akabadilisha matairi. Wewe uliniheshimu. Mimi nikajiheshimu kuliko nyote. Aliyekuwa ananiambia ukweli njiani ni mmoja tu, naye bado ana meno ya maziwa."

Akatoa funguo mfukoni, akaziweka kwenye mapaja ya binti yetu.

"Gari lichukue wewe. Ni zima, muulize fundi, safari hii atakujibu. Kuanzia Jumatatu utampitisha kwa bibi yake mwingine kabla ya zamu."

"Baba, sikumaanisha vile. Nilisema kwa hasira tu."

"Najua. Lakini ulisema sawa."

Hapo nikashindwa kuvumilia. "Na mimi je?" nikamwambia. "Mimi hakuna aliyeniuliza! Nitampeleka mimi kwa basi, yako mabasi, watu wote wanapanda."

"Mabasi mawili, alfajiri, giza, na magoti yako hayo?"

"Magoti yangu yamekuomba uyasemee? Mimi bila huyu mtoto asubuhi nitafanya nini, nikuangalie wewe?" Nilikuwa napiga kelele, na machozi yananitoka, na wala sikuona aibu. Nilimwambia kwamba wanagawana mtoto kama vile mimi ni kabati la nyumba ile. Nilimwambia anajiadhibu mwenyewe halafu adhabu naibeba mimi.

Nilikuwa nimekaa kushoto kwake. Ili anione ilibidi ageuze kichwa chote, kisha na mabega. Akageuka taratibu mpaka akanipata.

"Haya, nakuuliza," akasema. "Ingekuwa wewe ndiye mama yake, unajua unayoyajua sasa, Jumatatu ungemleta hapa?"

Kutoka uani nilimsikia mke mwenzangu akiwafundisha wanasesere wake wa vitambaa kukaa vizuri kwenye viti vyao. Nilitafuta jibu jingine, nikalitafuta kwa bidii, na wote wawili wakanisubiri.

"Nisingemleta," nikasema.